Mtafsiri wa filamu aliyekataa kumsemea Jibrili

Saa tatu asubuhi, Tarcisio Obita anafunga dirisha la chumba chake mtaani Kawempe, anaegemeza godoro kwenye mlango kuzuia kelele za bodaboda, kisha anavuta maikrofoni. Filamu inaanza. Anafungua mdomo, anaufunga, anairudisha mwanzo.

"Zamani nilikuwa naingia moja kwa moja," anasema. "Siku hizi naogopa. Sijui mbele atatokea nani."

Obita, mwenye umri wa miaka 38, husimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiigiza sauti za wahusika wote. Wasikilizaji wake ni familia za askari na wafanyabiashara wa Kikongo. Kwa filamu moja hulipwa shilingi elfu sitini.

Baba yake, ambaye ni marehemu, alikuwa polisi Mkatoliki kutoka kaskazini. Mama yake, Umulkheir, ni Mwislamu wa ukoo uliotoka pwani. Nyumbani kwao malaika mkuu alikuwa na majina mawili: kwa baba ni Gabrieli aliyempasha Maria habari, kwa mama ni Jibrili aliyemletea Mtume wahyi.

"Hawakugombana juu yake hata siku moja," anasema.

Mwezi uliopita Fahim, mwenye duka la filamu aliyempa kazi kwa miaka tisa, alimletea filamu mpya kwenye flashi. Humo Gabrieli amemwasi Mungu. Ana mabawa meusi, anachoma miji na kuwacheka watoto wanaolia.

Obita alifika katikati, akasimamisha. Alimfikiria mama yake. Umulkheir, mwenye miaka 71, haoni tena. Filamu huzifuata kwa sauti ya mwanawe tu. Akaenda kumweleza.

"Huyo malaika anasema nini?" mama aliuliza.

"Anasema amechoka na binadamu, Mama. Anataka wafe wote."

"Na hayo utayasema wewe?"

"Ni mchezo tu. Ni mtu amevaa mabawa."

"Wewe unamwona huyo mtu, mwanangu. Mimi nitamsikia Jibrili akiongea kwa mdomo wako."

Obita alimwomba Fahim ruhusa ya kubadilisha jina, malaika aitwe Kapteni. Fahim alikataa.

"Gabrieli yuko kwenye bango, ssebo. Wateja wanamtaka yeye," Fahim anakumbuka kumjibu, akimwita "bwana" kwa Kiganda. "Mimi pia naswali. Lakini hadithi ni hadithi."

Obita alirudisha flashi. Filamu akapewa mtafsiri mwingine, na sasa inasikika mpaka kwa majirani wa Obita. Tangu hapo Fahim hajampigia simu.

"Namheshimu mama," anasema mkewe, Adoch. "Lakini simu ikilia, moyo wangu unaruka. Halafu naona si Fahim."

Obita mwenyewe hana uhakika. Padri wa parokia yake alicheka aliposikia kisa hicho, akamwambia Mungu haogopi filamu.

"Labda ni kweli," anasema. "Lakini Padri ana macho. Mama ana masikio tu, na ndani yake niko mimi."

Kesho anakwenda mtaa wa Nateete kuonana na Pitshou, Mkongo anayefungua duka la filamu za Kiswahili. Amemwandalia sampuli ya dakika kumi, na maneno ya kumwambia kabla hajakaa kwenye kiti.

"Nitamwambia kuna sauti moja sina," anasema. "Zingine zote ninazo. Hata za wezi."