Kiolezo Kilichoitwa Mahari

Sijifichi: ile chati ya mvua niliitengeneza mimi. Nguzo za samawati, moja kwa kila wiki ya mvua, na juu yake mstari mwekundu unaoonyesha wiki ya kupanda mahindi. Nikaihifadhi kuwa kiolezo, ili mtu wa kituo kingine cha hali ya hewa akibofya tu, takwimu zake zivae rangi zile zile. Nikakiita Mahali, maana kila kituo kingeweka mvua ya mahali pake.

Bosi wetu hapa Kakamega mjini hakuzungusha maneno. "Kesho wakulima wanakuja. Vituo vyote vikileta chati zinazofanana, tutatumia yako. Kimoja kikikosa, tunarudi kwa ile ya zamani."

Ile ya zamani! Kijivu kitupu, hata mimi mwenyewe ilinichanganya.

Nikakituma kwa barua pepe. Kituo cha Bukura walikiweka kwenye folda ya violezo, kwisha. Lakini kituo cha Lumakanda kuna mzee aliyekaribia kustaafu, naye alinipigia simu mara tatu, mara ya mwisho nikaiweka kwenye spika.

"Madam, hiyo kitu haiko."

"Iko, mzee. Si umeipakua? Tafuta kwa jina."

"Nimetafuta. Kompyuta inakataa."

Saa kumi ikafika. Damu ikanichemka. Nikamwambia, kwa sauti ninayoionea haya hadi leo, kwamba kompyuta haikosei, mtu ndiye hukosea.

"Haya. Basi nitajie hilo jina herufi moja moja."

"M, a, h, a, l, i."

"L? Madam, tangu asubuhi unaniambia mahari. Mimi hapa natafuta mahari!"

Wee! Ofisi nzima iliangua kicheko. Ulimi wangu wa nyumbani ulikuwa umeniumbua mchana kweupe. Nilimwomba mzee radhi papo hapo.

"Usijali," akasema. "Mahari haiishangi kulipwa."

Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe na chati yake, imechapishwa safi. Tukazitundika zote ukutani, zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Mkulima mmoja kutoka Lumakanda, mama asiyejua kusoma, akasimama akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, akahesabu nguzo mbili mbele yake.

"Kumbe nilichelewa kupanda wiki mbili."

Hakuna aliyemsomea. Nilivimba kichwa, sikatai.

Bosi akauliza chati hii inaitwaje. Mzee akainama kutazama viatu vyake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mahari," nikajibu, kwa r yangu yote. Na hilo ndilo jina lililoko sasa kwenye kompyuta za vituo vyote.