Udongo wa Kidimbwi cha Mwingi

Mwalimu Ramila alifundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumwachisha. Kwenye veranda ya nyumba yake Woodley kulikuwa na kopo la biskuti lenye udongo mweusi, mkavu. Uliletwa na Kivuva, fundi wa maabara wa shule yao ya zamani, aliyeuchota Februari kwenye kidimbwi cha kwao Mwingi kilipokauka.

"Mwalimu," alimtania, "Nairobi nzima ni wewe tu unayeletewa matope kwa basi."

Matopeni humo mlikuwa na mayai madogo kama mbegu za mchicha. Samaki wa kidimbwi kile huishi msimu mmoja. Mvua ikinyesha huanguliwa, na baada ya wiki chache wamekua, dume mkia mwekundu, jike rangi ya vumbi. Hutaga matopeni, jua likakausha maji, wakafa wote. Mayai hubaki yakingoja.

Agosti Kivuva alipiga simu. Barabara mpya imepita. Kidimbwi kimejazwa kifusi cha moramu. Kilichobaki ni udongo wa koponi tu.

Wiki ya Diwali, Sejal, mke wa mwanawe, alisafisha nyumba pembe kwa pembe, kama ilivyo desturi. Akalikuta kopo. Udongo mzuri hivyo hakuweza kuutupa, akaumimina kwenye chungu cha tulsi, mrihani mtakatifu wanaousalia, akaumwagilia asubuhi tatu.

Ramila alipojua, aliketi sakafuni kando ya chungu, akamweleza habari za mayai.

"Ba," Sejal alimwita mama mkwe wake, "niambie tu. Nimewaua?"

"Walioamka, ndiyo." Maji yalikuwa yamechujika chini, hapakuwa na pa kuogelea. "Lakini si mayai yote huamka kwa mvua ya kwanza. Mengine hayaiamini."

Wakakwangua udongo wa juu kwa vijiko, wakiihurumia mizizi ya tulsi. Beseni la maji lilikuwa karibu. Ramila angeutia udongo humo sasa, kesho angejua. Mkono wake ulishika ukingo wa beseni, ukakaa hapo. Lakini kama mayai yamebaki machache, na hayajawa tayari, kuyalowesha tena ni kuyamaliza. Akauachia ukingo, akautandaza udongo juu ya gazeti ukauke, miezi mingine sita. Ana miaka sabini na sita.

Jioni Sejal alipanga taa zote za mafuta za Diwali upande wa pili wa veranda, joto lisiufikie udongo. Kisha akaandika juu ya kopo tupu: Usiguse. Akasita, akaongeza: Mei.

Ramila alilisoma neno hilo la mwisho, akaanza kuhesabu miezi vidoleni.