Chai Iliyofika Kifuani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpima Mkuu wa ofisi ya Kericho hakunionyesha kiti. Alitazama viatu vyangu vya ngozi, vile mama alivyoninunulia akijua naenda kukaa ofisini, akanikabidhi mnyororo wa kupimia na panga. "Wewe kijana," akasema, "hizo viatu utazizika leo." Kweli nilivizika, kwenye tope la bonde, kabla ya saa nne asubuhi.

Nyinyi mnaopima kwa kompyuta hamjui mlima ulivyokuwa ukipimwa kwa mguu. Tulikuwa na theodolaiti, darubini ya kusomea pembe iliyosimama juu ya miguu mitatu, na mwenzako alishuka bondeni akibeba stafu, ule ubao mrefu wenye tarakimu. Kwenye mteremko mkali unapima vipande vifupi, kimoja baada ya kingine, mnyororo ukivutwa hewani kwa usawa, kwa sababu ukiulaza kwenye mwinuko unakudanganya. Ukiteleza, unaanza upya. Mpima Mkuu wangu alikuwa mtu mkali, na hakukubali kimo chochote mpaka ncha ya stafu iguse udongo. Ukiiegemeza juu ya nyasi alijua, sijui alijuaje. Alikuwa akipiga kelele kutoka ng'ambo, "Mimi sipimi nyasi! Gusa chini!"

Nilihamishiwa Sotik, nikapima mashamba kuanzia Kaplong hadi Chepilat, miaka ya kusuluhisha majirani waliong'oleana bikoni, yale mawe ya mipaka. Kisha Kericho tena, kisha Bomet, na huko nikawa Mpima Mkuu mimi mwenyewe. Ndipo droni zikaletwa. Watu wa huku waliziita ndege tu. Unatandaza vitambaa vyeupe shambani, unapima mahali pa kila kimoja kwa mtambo wa satelaiti, halafu ndege inapita juu ikipiga picha mamia kwa mamia. Kompyuta inaziunganisha mpaka mlima mzima unasimama mbele yako kwenye kioo. Nilipouona hivyo mara ya kwanza machozi yalinilengalenga. Nilikumbuka magoti yangu na miaka yote ile ya kuteleza, nikasema, haki ya Mungu, tumepumzika.

Ofisi ilitaka ramani ya miteremko yote mikali, ili ijue ni nyumba zipi zihamishwe kabla ardhi haijaporomoka. Kilima kimoja ng'ambo ya Merigi kilikuwa na nyumba moja tu chini yake. Aliishi humo mama tuliyemwita Bot Chebet, yaani mama yake Chebet, pamoja na mumewe, mzee aliyekuwa amepooza miguu. Chai yao ilipanda mteremko mzima nyuma ya nyumba, na ilikuwa chai safi kuliko yote niliyoiona. Mnajua mchai hukatwa kichwa kiwe bapa, na ubapa huo wachunaji wanauita meza. Bot Chebet alichuna akiwa na ufito wake, fimbo nyembamba iliyonyooka, akiulaza juu ya michai. Jani lililochomoza juu ya ufito alilichuna. Pale mchai ulipobaki chini ya ufito, aliuacha ukue mpaka ulingane na wenzake. Mstari wake ungeweza kuuwekea kikombe kisimwagike.

Nilirusha ndege pale mara mbili, mara ya pili ikiwa baada ya mwaka na nusu, ili nilinganishe. Siku hiyo ya pili mama akatujia na kikapu mgongoni.

"Chamgei, bwana wa ndege. Hiyo kitu inaona nini?"

"Chamgei, mama. Inaona kila kitu, hata kuku zako."

"Basi iangalie pale juu, mistari ya karibu na ukingo. Zamani nilikuwa nachuna ikiwa hapa." Akagusa kiuno. "Siku hizi iko hapa." Akaweka mkono kifuani.

"Umekuwa mfupi, mama," nikamtania. "Ni uzee. Hata mimi nimeanza."

Vijana wangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sijazeeka mpaka hapo," akasema, akapanda zake shambani.

Ndege huona majani, haioni udongo ulio chini yake. Kwa hiyo nilikuwa nimeiambia kompyuta itoe kimo cha mchai mmoja, kimo cha kiunoni, kila mahali, na kinachobaki kihesabiwe kuwa ardhi. Nikalinganisha safari zile mbili, tofauti hakuna. Nikaandika kwamba mteremko haujasogea, nikatia sahihi. Nyumba ile haikuingia kwenye orodha ya kuhamishwa. Nilikunywa chai siku hiyo nikiwa na raha kabisa.

Masika yaliyofuata kilima kilishuka asubuhi, Bot Chebet akiwa amepeleka maziwa barabarani. Mzee alikuwa ndani.

Nilifika siku ya pili, walipokwisha kumtoa. Sikwenda kwa waliokaa msibani kwanza, sikuwa na uso wa kuwatazama. Nilipanda mpaka ukingoni, pale ardhi ilipokatika, na mistari michache iliyosalia nikaiona kwa upande. Juu meza ilikuwa imenyooka vilevile. Chini mashina yalikuwa marefu, matupu, yakifika kifuani mwangu. Udongo ulikuwa ukizama kidogo kidogo na michai ikizama nao, na kila ilipozama mama aliiacha ikue mpaka ifikie ufito. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kama mtoto.

Aliponikuta hapo hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa ameushika ufito.

"Ni mimi," akasema. "Kila nikichuna nilikuwa nainyoosha. Kama ningeiacha ilale, mngeona."

Ala! Mjane wa siku moja, na analibeba kosa langu. Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwenu, kwa muda kidogo nilitaka kunyamaza.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Wewe uliniambia, na mkono wako ukanionyesha. Mimi sikupanda kugusa chini. Nilipima majani, nikaandika ardhi."

Aliutia ufito kwapani, akateremka kwa waliokaa msibani.

Ofisini, Mkurugenzi alitaka ripoti iseme mvua ilizidi. "Mvua haina kazi ya kupoteza," aliniambia, "wewe unayo." Niliandika kosa lilivyokuwa, hatua kwa hatua, nikatia sahihi ileile. Nilivuliwa cheo, nikamaliza miaka yangu kama mpima wa kawaida, na sikukata rufaa. Lakini utaratibu ulibadilika. Penye chai, kabla ndege haijaruka, mpima anaingia kati ya mistari na fimbo yenye alama, anaichomeka mpaka udongoni, kila hatua ishirini. Na kabla ya hapo anamtafuta anayechuna shamba lile na kumuuliza: chai inakufika wapi mwilini? Jibu linaandikwa kwenye fomu.

Sasa nimestaafu, na magoti yamekataa mlima. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka, na namkumbuka mzee yule ambaye sikuwahi hata kumsalimia kitandani kwake.

Bot Chebet alipata shamba dogo kwenye kilima kingine, akapanda chai upya. Kwa miaka niliogopa kwenda. Chai yake ilipoanza kuchunwa, nikajikokota. Alikuwa mstarini na ufito wake, nywele zimekuwa nyeupe. Nilisimama ng'ambo ya mstari, kofia mkononi, nikamuuliza, "Mama, chai inakufika wapi?"

Alimaliza kwanza kuchuna mchai uliokuwa mbele yake, nikadhani atanifukuza. Kisha akaulaza ufito juu ya michai, akanyoosha mgongo, akaweka mkono kiunoni.

"Hapa," akasema. "Rudi mwakani uulize tena."

Huwa narudi.