Simu Iliyotembea Kilomita Kumi na Moja

Kabla mwanamke huyu hajawa mhadhiri wa kompyuta alikuwa fundi redio, na wanafunzi walimwita Bisibisi kwa sababu hakukosa bisibisi kwenye mkoba. Kwa miaka sita alitengeneza programu ya simu ya kusoma mwendo wa mzee, ili ijulikane miguu inapoanza kulegea kabla hajaanguka. Wazee arobaini walikubali kubeba simu hizo, mama yake akiwa wa kwanza.

Asubuhi moja msaidizi wake wa maabara alimwita kwenye skrini.

"Dokta, hebu njoo uone. Jana mama ametembea kilomita kumi na moja."

"Mama yangu? Na magoti yale?"

Alichukua funguo za gari, akaenda. Alimkuta mama kibarazani, anashona kifungo.

"Mama, simu iko wapi?"

"Nimempa jirani, yule anayesambaza barua. Yeye ndiye mwenye safari. Mimi naenda wapi?"

"Lakini nakupima wewe!"

"Ulisema ibebwe, mwanangu. Si inabebwa?"

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamkauka. Wiki ile aliwazungukia wazee wote: kumi na saba walikuwa wanaziacha simu kabatini.

Makala yake kuhusu vipimo vya simu hizo ilikuwa imeshakubaliwa kwenye mkutano mkubwa. Akaiondoa. Mkuu wa idara akamjia juu.

"Unajiharibia mwenyewe. Nani angejua?"

"Mimi najua."

Uprofesa aliokuwa akiusubiri ukaenda kwa mwingine, na ilimuuma sana. Akaanza upya. Safari hii hakumbebesha mtu kitu. Alibandika vidude vya kupimia, vidogo kama kifungo, kwenye vitu ambavyo wazee huvigusa kila siku: kiti, mfuniko wa ndoo, mlango. Kila kimoja alikiombea ruhusa. Mama alikataa cha mlango wa chumbani.

"Huko ndani hakukuhusu."

Hakikubandikwa, na suala la mtu kukataa kupimwa likawa sura nzima ya utafiti wake.

Mwaka wa nne, kidude cha kiti kilionyesha mama anazidi kuchelewa kuinuka. Daktari akakuta nyonga imeanza kulika, akampangia mazoezi mapema.

Uprofesa aliupata akiwa na miaka hamsini na minane. Siku ya sherehe mama alikaa mstari wa mbele, akipiga miayo hotuba zilipozidi.