Nilivyojifanya mtaalamu wa bando na kumkatia mama wa Kifilipino sherehe ya binti yake

Habari za muda huu wakuu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa sababu ya aibu. Leo nauacha ulivyo. Yote yamenitokea mimi mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu, maana huyo mama nafanya naye kazi mpaka leo, na siku hizi kila mtu ana translator kwenye simu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, nimekulia kambini Kigoma. Ndiyo maana Kiswahili changu kina Utanzania mwingi, ila "donc" na "bon" zikinitoka mnivumilie. Niko Louisville, Kentucky, mitaa ya Iroquois, na mke wangu na binti yetu Neema. Kazi yangu ni kwenye nyumba ya kutunzia wazee: kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani. Kazi ya heshima, sina shida nayo.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa najiona mtaalamu wa mambo ya simu.

Ilianza hivi. Jumapili moja wifi ya mchungaji wetu ilikataa. Nikachomoa waya, nikahesabu mpaka kumi, nikachomeka. Ikarudi.

Wakuu, ni hilo tu nililofanya. Toka siku hiyo kanisa zima likaniita Ingénieur, yaani injinia.

Ibada ikiisha wamama wanapanga foleni na simu zao. Huyu kasahau password, yule picha zimejaa, mwingine anauliza achukue plan gani. Najibu wote. Nisipojua, naangalia juu kidogo, nasema "hiyo inategemea na frequency." Hakuna aliyewahi kuniuliza frequency ni nini, namshukuru Mungu.

Nilikuwa na CV pia. Kabla ya Louisville tuliishi Cheektowaga, kule Buffalo, na mtu akiniuliza nilifanya nini huko namjibu "nilikuwa kwenye telecom." Ukweli ni kwamba nilikuwa nauza makava ya simu kwenye kimeza katikati ya mall. Wiki sita. Nikaachishwa baada ya kubandika protekta kwenye simu ya mteja kwa nguvu mpaka kioo chenyewe kikapasuka.

Haya. Tuje kwenye kisa.

Mwaka jana, 2015, pale kazini alikuwepo nurse mmoja Mfilipino, tumwite Marivic. Mama mtaratibu, mchapakazi, wazee wanampenda kuliko sisi wote. Ananiita "Kuya", kwao ni kaka mkubwa, ingawa kanizidi umri. Ni heshima tu.

Marivic aliondoka kwao binti yake Jessa akiwa na miaka sita. Amemlea kwa simu. Binti anaishi na shangazi yake, Tita Luz, kwenye mji mdogo kisiwani, na mama amerudi mara mbili tu katika miaka yote hiyo.

Sasa Jessa alikuwa anatimiza miaka kumi na minane. Kwa Wafilipino hiyo siku ya msichana ni kubwa karibu kama harusi. Wanaume kumi na wanane wanacheza naye mmoja mmoja, kila mtu na ua lake. Halafu wanawake kumi na wanane wanawasha mishumaa, na kila mmoja anamwambia neno.

Mshumaa wa kumi na nane, wa mwisho kabisa, ulikuwa wa mama yake. Kwa video call.

Marivic alituambia hayo tukiwa break, anakula wali wake. Akasema hofu yake ni network. Sherehe ni kwenye uwanja wa basketi wenye paa, wifi hakuna, itabidi watumie data ya simu ya Tita Luz. Huko kwao watu wengi wanatumia prepaid. Unanunua salio, wao wanaita "load", kwenye kiduka cha jirani.

"Nitamwambia Tita anunue pale dukani, yule muuzaji anajua yote," akasema.

Hapo ndipo Ingénieur alipoamka.

Nikamwambia, "Kiduka? Dada, hii ni siku ya mtoto wako. Niachie mimi. Natuma load kutoka hapa hapa, online, ya kutosha mpaka watachoka wenyewe."

Akaniangalia. "Una uhakika, Kuya? Huko kuna promo promo nyingi."

"Nimefanya telecom Buffalo," nikamjibu.

Wakuu, sijui nilikuwa natafuta nini. Labda ni vile pale kazini mimi ni wa kubeba vyombo vya mkojo, na yeye ni nurse, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananihitaji.

Jioni nikafungua website ya kutuma salio nchi za nje. Nikakuta maneno kibao. Unli (wanafupisha unlimited) hii, unli ile, siku moja, siku tatu, siku saba, tuma neno hili kwenda namba ile. Bon, nikaona hayo ni matangazo. Nikachagua load kubwa ya kawaida, nikatuma. Ikaandika successful. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia Marivic na alama ya dole gumba.

Nilimpigia pia mdogo wangu Jules, yuko Columbus, Ohio, kwenye warehouse. Nilitaka kujisifu tu. Yeye huniita Grand, kaka mkubwa. Akaniambia, "Grand, hapa kazini tuko na Mfilipino, anaitwa Rodel. Nimuulize?"

"Umuulize nini? Nimeshamaliza."

Jumamosi ikafika. Tofauti ya saa na kwao ilikuwa kumi na mbili kamili: saa moja asubuhi kwetu ni saa moja jioni kwao. Marivic alikuja kwangu, kwa sababu nilikuwa nimemsifia internet ya nyumbani kwangu. Alivaa gauni la bluu, nywele ametengeneza, midomo ameipaka rangi. Mkononi ana mshumaa mweupe kauzungushia utepe.

Mke wangu akamkaribisha chai na mandazi. Hakugusa, macho yote kwenye simu.

Simu ikaunganishwa mara moja. Picha safi! Tukaona uwanja umepambwa vitambaa, watoto wanakimbia, mzee mmoja anarekebisha spika. Halafu Jessa akatokea na gauni lake pana. Marivic akafunika mdomo kwa mkono.

Mimi nimesimama nyuma ya kochi, mikono kifuani, kama ndiye niliyejenga mnara wa Ufilipino.

Maua yakaanza. Mwanaume wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tita Luz ameshika simu, anatuonyesha kila kitu, na video inakula. Maua yakaisha. Mishumaa ikaanza. Wa kwanza, wa pili.

Kwenye mshumaa wa tano, uso wa Jessa ukaganda, mdomo nusu wazi.

Kisha kioo cheusi.

"Inarudi sasa hivi," nikasema.

Haikurudi. Tukapiga tena. Wapi.

Marivic akageuka. "Kuya?"

"Ni satellite," nikajibu. "Saa hizi huwa zinapishana."

Kisha nikafanya kitu pekee ninachokijua maishani. Nikaenda kwenye wifi yangu, ambayo haikuwa na tatizo lolote, nikachomoa waya, nikahesabu mpaka kumi.

Donc sasa hata ya kwetu ikawa imezimika.

Nikaingia chooni na simu, nikampigia Jules. Bahati nzuri alikuwa kazini na Rodel yuko karibu. Nikasikia wanaongea kwa Kiingereza, kisha mtu akacheka kidogo, kisha Jules akarudi.

"Grand, uliactivate promo?"

"Promo gani?"



"Rodel anasema ulituma load tu. Kama hujatuma lile neno la kujiunga, data inakula load yenyewe, dakika chache imeisha. Grand, iko kama bando. Uliweka salio ukasahau kujiunga."

Wakuu, naomba mnielewe. Mimi nimekulia Kigoma! Hata bibi wa pale kambini anajua ukiwasha data bila kujiunga bando umekwisha. Miaka michache ya unlimited ya Marekani ikanifuta kichwa chote.

Nikajaribu kutuma load nyingine palepale. Website ikaandika muamala wako unakaguliwa, subiri hadi saa ishirini na nne.

Nikatoka chooni. Marivic yuko palepale, ameshika mshumaa wake. Halii, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani, na mimi najua alikuwa anahesabu: sasa ni mshumaa wa nane, sasa wa tisa.

Nikamwambia ukweli. Nikasema si satellite, ni mimi. Nimeharibu.



Ndipo mke wangu akatoka jikoni anapangusa mikono. Hajui kitu cha frequency huyu mama. Akauliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani (tantine ni shangazi, appel ni simu ya kupigiwa):

"Papa Neema, iyo simu ya ule tantine, inapokeaka appel ya kawaida ao hapana?"

"Load imeisha," nikamjibu kwa hasira.

"Nauliza kupokea. Kupokea inalipishwaka?"

Kupokea ni bure. Simu isiyo na senti moja inapokea.

Plan yangu kubwa ya unlimited haikuwa na simu za nje. Yeye akafungua pochi yake, akatoa kadi ya kukwaruza, zile za duka la Waafrika, anazotumia kumpigia dada yake Bujumbura. Akakwaruza kwa kucha, akapiga namba ya kwanza, akaingiza namba ndefu ya siri bila kuangalia mara mbili, akampa Marivic aweke namba ya Tita Luz. Ile sauti ya mashine ikasema mna dakika kumi na moja.

Ikaita. Mara ya tatu, Tita Luz akapokea.

Sijui walisemezana nini, ni lugha yao. Ila nilisikia Tita Luz anakimbia, anapiga kelele kwa watu. Muziki ukazimwa. Kisha mlio mkali wa spika: wamesogeza simu kwenye maikrofoni.

Mke wangu akawasha mshumaa wa Marivic kwa kiberiti cha jikoni.

Marivic akaongea. Polepole, amefumba macho. Mimi nilitambua jina la Jessa na neno "sorry" tu. Uwanja mzima wa watu, upande wa pili wa dunia, hata mtoto hakusikika akilia.

Halafu ikaja sauti ya msichana, karibu kabisa na simu. "Nay." Ni mama, kwao. Akarudia. "Nay. Nay."

Nilienda jikoni kuosha vikombe visivyokuwa vichafu.

Mashine ikawakatiza kwamba imebaki dakika moja. Wakaimaliza wote wawili wakilia.

Baadaye Marivic alikunywa chai, akala mandazi manne. Akatuambia alichosema. Alimwambia mwanaye kwamba asubuhi ile aliyoondoka alimfunga kamba za viatu, na mpaka leo anajiuliza kesho yake nani alimfunga. Na Jessa akamjibu kwamba hakuna, alienda shule na ndala.

Mke wangu alikuwa amemshika mkono. Hawana lugha hata moja wanayoijua vizuri wote wawili, lakini walikaa hivyo muda mrefu.

Marivic akiwa anaondoka akaniambia mlangoni, "Kuya, wewe ni mtu mzuri. Usiguse tena simu ya mtu wa kwetu."

Jumatatu kazini alikuwa ameshawasimulia wote. Wiki mbili nzima, lift ikikwama au taa ikizima, nurse lazima apaze sauti: "Ni satellite!"

Nilichojifunza wakuu:

Kama unamtumia mtu salio nje ya nchi, muulize yeye anatumia nini na anajiungaje. Mwenye simu anaijua nchi yake. Yule muuzaji wa kiduka angemaliza hii kazi kwa dakika mbili.

Na "sijui" ni neno fupi, halina gharama. Siku hizi kanisani nalitumia. Foleni yangu imepungua sana, nusu imehamia kwa mke wangu.

Kuna moja la mwisho, hili ndilo lililonifanya niufute uzi mara tatu.

Mama yangu yuko Uvira. Miezi minne sikuwa nimempigia. Akimtuma mtu kuniuliza, nilikuwa nasema network ya huko mbaya. Network haikuwa mbaya. Nilikuwa nachoka, naahirisha, naona aibu kwa kuwa sina kipya cha kumwambia.

Ile Jumamosi, Marivic alipoondoka, nilitembea mpaka duka la Waafrika nikanunua kadi yangu. Namba ya siri nilikosea mara mbili, Ingénieur mimi. Mama akapokea.

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Akasema, "Asante Mungu. Basi network imepona?"

Nikasema ndiyo mama, imepona.

Haya wakuu, jukwaa ni lenu. Kunicheka ruhusa, nimeshazoea. Ila mwenye mzazi nyumbani ambaye anaambiwa network mbaya, ampigie kwanza, ndipo arudi hapa kucomment.