Mifuko Iliyomuua Madoa

Harufu ya nailoni mpya niliipenda utotoni kuliko harufu ya maandazi. Nakiri mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Miaka ya shida iliyotangulia, maduka ya Musoma yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka anayesinzia; chumvi ukibahatika kuipata ilifungwa kwenye gazeti kuukuu, na dagaa aliouza mama yangu pale ufukweni Mwigobero wateja waliwabeba kwenye vikapu walivyotoka navyo nyumbani. Kisha biashara ikafunguliwa, vitu vikaanza kumiminika, na pamoja navyo ikaja mifuko ya nailoni, myepesi, ya rangi, inayolia ukiigusa. Mwanzoni tuliithamini mno. Mama aliifua, akaianika kwenye kamba pamoja na kanga zake, akaikunja na kuiweka chini ya godoro. Haikupita muda ikawa mingi kiasi kwamba hakuna aliyeifua tena, ikabaki inaelea ufukweni na kunasa kwenye miti, nasi watoto tukaona mji wetu umependeza.

Msimu ninaoukumbuka zaidi ni ule ambao mimi na mdogo wangu Masatu tulipelekwa Butiama kwa bibi yetu mzaa mama. Masatu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na surua ilikuwa imemwacha mifupa na macho. Mama hakuweza kuacha biashara, tena mjini maziwa yalikuwa ya kubahatisha, lakini bibi alikuwa na Madoa, ng'ombe mmoja tu wa kukamuliwa, mpole, mwenye maziwa mazito. "Mtoto atapona kwa Madoa," mama aliniambia tukipanda basi, "na wewe umsaidie bibi yako kazi." Nikaenda nikiwa na umri wa miaka tisa, na furushi la mifuko ya nailoni kama zawadi. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akasema ahsante. Nilijiona nimempelekea dhahabu.

Kazi yangu ilikuwa kuwapa ng'ombe, Madoa na mtamba mmoja aliyekuwa na mimba ya kwanza, magadi jioni wakirudi kutoka malishoni. Bibi aliyatwanga, akayaweka kwenye kigae kikubwa cha chungu kilichovunjika, nami nilipaswa kukibeba mpaka zizini, nisubiri walambe, nikirudishe. Kigae kilikuwa kizito na nilikichukia. Nikagundua njia yangu: nilimimina magadi kwenye mfuko wa nailoni, nikautandaza mlangoni mwa zizi, kisha nikaenda zangu kucheza. Asubuhi ya kwanza sikuukuta mfuko. Nilijiambia umepeperushwa na upepo. Siku nyingine nikaweka wa pili, nao ukatoweka, kisha wa tatu, na sikumbuki niliishia wa ngapi. Sitadanganya kwamba sikuwa na wasiwasi. Mara moja nilimwona Madoa ana kipande cha nailoni kinachoning'inia mdomoni, nikageuza uso, kwa sababu kumweleza bibi kulikuwa na maana ya kurudi kwenye kigae.

Wakati huo Masatu alikuwa ameanza kupata mashavu. Alisimama kwa kushika kigoda, akacheka, akadai kikombe chake kwa kelele. Ndipo Madoa akaacha kucheua. Ubavu wake wa kushoto ulivimba, maziwa yakapungua hadi yakawa ya kulowesha tu kikombe. Bibi alimnywesha dawa za majani, halafu mafuta, halafu akakaa naye zizini akimsugua tumbo na kumsemesha kwa lugha ya nyumbani. Madoa hakunyanyuka. Jirani yetu Mzee Wandiba, ambaye hawakuwa wakisalimiana na bibi tangu wagombee mpaka wa shamba, aliitwa kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua ng'ombe kama yeye. Alimgonga ubavuni kwa vidole, akasema achinjwe kabla hajafa mwenyewe.

Walipolipasua tumbo kubwa, Mzee Wandiba alitoa donge linalozidi kichwa cha mtu, nyasi na nailoni zilizosokotana kama kamba. Alilichambua polepole chini, mfuko mmoja baada ya mwingine, na miwili yenye mistari myekundu niliijua kabisa. "Hivi vitu vinatokaga wapi?" aliuliza. Watu wakasema ni uchafu wa gulio. Ningeweza kunyamaza. Lakini Masatu alikuwa mgongoni kwangu, analilia kikombe, na kila alipolia niliona aibu inanipanda hadi masikioni. Nikasema, "Ni mimi. Nilikuwa nawawekea magadi humo." Nilifumba macho kusubiri fimbo.

"Mimi nilikuwaga naiona hiyo mifuko pale mlangoni," bibi alisema. "Nikajiambia mtoto wa mjini amekuja na maarifa. Tumekosa wote wawili." Alilia waziwazi, hakujificha, nami nikalia naye. Siku iliyofuata Mzee Wandiba alikuja anaswaga ng'ombe wake aliyezaa karibuni, na ndama nyuma yake. "Mkamueni mpaka mtamba wenu azae," alimwambia bibi. "Mtoto hana ugomvi na mtu." Kwetu desturi hiyo ya kuazimana ng'ombe ilikuwapo, lakini hakuna aliyeitegemea kutoka kwake. Masatu aliyanywa maziwa yale hadi akatembea, na mimi nilibeba kigae kila jioni bila kuguna.

Leo Masatu anaishi Bunda, ni fundi ujenzi mwenye mabega mapana, na kila nikimwona anakula namshukuru moyoni Mzee Wandiba, na bibi aliyekubali kugawana nami kosa. Mifuko ile imepigwa marufuku, nami nilifurahi kuliko wengi. Ila nikishuka Mwigobero nakuta chupa za plastiki zimejaa kati ya mitumbwi, na wavuvi wananiambia nyavu zinatoka na nailoni pamoja na dagaa, wanazikung'uta humo humo majini na kuendelea na kazi. Wakati ule ng'ombe mmoja alisimamisha kijiji kizima. Siku hizi hatushtuki. Mzee Wandiba alikuwa na ng'ombe mwingine wa kutuazima; ziwa tunalo hili hili moja.