Igoki na Kamundu

Watu wa Kanyakine walikuwa na neno juu ya Igoki: huyo akikaa kitako, jua kiti kina moto. Alizaliwa huko, katikati ya migomba na kahawa, na tangu usichana miguu ilimwasha. Alishona sare za shule, akaacha. Alisuka nywele Chuka, akaacha. Akaolewa na mwalimu mmoja mpole wa Nkubu, akakaa naye miaka michache, kisha akaondoka vivyo hivyo, pasipo ugomvi wala kofi, hata wazee waliokuja kusuluhisha wakakosa cha kusuluhisha. Dada yake Regina, ambaye hakuwahi kuhama boma la wazazi wao, alimuuliza, "Kwani alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu," Igoki alijibu.

Jibu hilo lilimsumbua yeye mwenyewe kuliko lilivyomsumbua Regina.

Alipovuka miaka arobaini alikuwa akifanya usafi katika hoteli moja kuukuu mjini Embu, ambayo mmiliki wake alikuwa amekata shauri kuibomoa ajenge maduka. Siku ya kutoa vitu stoo, nyuma ya magodoro yaliyooza, wakakuta sanduku la mbao lenye kioo mbele, kimo chake kama cha mtu mfupi. Ndani ya kioo kilisimama kijimtu cha mbao, kimevaa joho jekundu na kilemba, masharubu yamepindwa juu, mkono mmoja umeshika kikombe cha bati kilichofunikwa juu ya kijimeza. Ubavuni mwa sanduku palikuwa na tundu la kutumbukizia sarafu. Mwenye hoteli alisema wazungu wa mashamba ndio waliokuwa wakikichezea walipokuja kunywa, enzi za babu yake. Anayetaka kuni, akasema, achukue.

Igoki alilichukua, lakini si kwa kuni. Alilipeleka kwa Kiogora, fundi wa cherehani aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Embu. Kiogora alilifungua mgongo, akapiga chafya kwa vumbi, akatia mafuta, akabadilisha springi moja. Kisha wakatafuta sarafu. Shilingi za siku hizi zilipita zikaanguka chini bila kugusa kitu. Mashine ilitaka ile senti kumi pana ya zamani, ambayo nyumba nyingi bado zina moja au mbili ndani ya mkebe wa vifungo.

Ilipoanguka senti kumi ya kwanza, kijimtu kilipepesa macho. Kikageuza kichwa kushoto, kikageuza kulia, kama mwizi wa kuku anayehakikisha hapana mtu. Kikainua kikombe: meza tupu. Kikafunika. Kikatikisa kichwa taratibu. Kikainua tena, na palipokuwa patupu pakawa na yai.

Igoki alicheka mpaka akashika meza ya cherehani.

"Njoo uone nyuma," Kiogora akamwita. Chini ya kijimeza palikuwa na gurudumu lenye mikono mitano. Mkono wa kwanza ulibeba yai, wa pili ndege mwekundu, wa tatu dadu, wa nne ua la njano. Wa tano ulikuwa na alama ya gundi tu. Kilichokuwapo kilikwisha dondoka zamani. "Zinafuatana hivi hivi, mama. Haibahatishi. Nikutilie kitu hapa palipobaki?"

"Acha. Hata yeye akose siku moja moja."

Basi Igoki akaanza kuzunguka nayo sokoni. Madereva wa pikapu waliokuwa wakishuka Mbeere kuchukua muguka, yale majani ya kutafuna, walikuwa na nafasi nyuma, nao walimzoea. Leo yuko Runyenjes, kesho Ishiara, wiki nyingine amepanda mpaka Kanyakine. Alikuwa na kopo la senti kumi za zamani; mteja humpa shilingi zake, naye humpa senti kumi ya kutumbukiza. Kule Meru walikiita kijimtu Kamuntu, yaani mtu mdogo, huku Mbeere wakakiita Kamundu, na jina la Mbeere ndilo lililoganda. Igoki aliona kwamba hatimaye amepata kazi isiyomtaka akae.

Hakujua ni lini hasa watu walianza kumuuliza Kamundu mambo yao. Pengine ni yule mama wa Runyenjes aliyepata ndege mwekundu, na kabla hajageuka simu yake ikalia kwamba bintiye amejifungua salama. Pengine ni wengi kwa pamoja. Igoki alishtukia tu kwamba watu hawacheki tena. Walisimama mbele ya kioo midomo ikinong'ona, wakitumbukiza senti kumi kama wanaotoa sadaka. Yai likawa baraka. Ndege akawa habari. Dadu, jihadhari. Ua, mapenzi. Na kikombe kitupu, ole wako.

Alijaribu kuwaambia. "Jamani, hii ni springi na magurudumu." Waliitikia kwa kichwa, wakaendelea kunong'ona.

Ikamkosesha raha. Alijua zamu ijayo ni ipi, na kujua huko kulimwasha kama upupu. Akimwona mzee anayetetemeka amefika, na zamu ni ya kikombe kitupu, hutumbukiza senti kumi yake mwenyewe haraka, ati anajaribu kama mashine haijakwama, ili mzee apate yai. Mzee huondoka amenyooka mgongo. Igoki naye hubaki anajiuliza amefanya wema au ametapeli mtu. Soko likifungwa hakuweza hata kumaliza chai. Alisimama, akakaa, akasimama, akazunguka sanduku akilifuta vumbi ambalo halipo.

Kiambere ndiko mambo yalikofikia kilele. Soko la huko liko juu ya vumbi jekundu, na bwawa linang'aa mbali kama bati jipya. Mbele ya mahali alipoweka sanduku alikaa msichana mmoja aliyeuza ndengu, jina lake Mukami, mtulivu, mwenye mikono mirefu. Asubuhi yote alipima ndengu huku macho yakiwa kwa Kamundu. Karibu na adhuhuri akawaachia wanawake wenzake gunia, akaja na shangazi yake mmoja, akanyoosha mkono apewe senti kumi.

Zamu ilikuwa ya kikombe kitupu. Igoki akaingiza vidole koponi atumbukize ya kwake kwanza, lakini Mukami akamshika kifundo cha mkono.

"Usihangaike, anti. Hii ni zamu yangu."

Kamundu akapepesa macho, akatazama huku na huku, akainua kikombe. Patupu. Akafunika, akatikisa kichwa, akainua. Patupu. Shangazi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ngai! Na mbuzi za mahari zimeshaletwa!"

Siku ya soko iliyofuata, mzee mmoja alifika na fimbo kabla Igoki hajashusha sanduku chini. Alikuwa Njuki, baba yake Mukami, mfuga nyuki na mzee wa kanisa.

"Mama, wewe ndiye mwenye hiki kitu?"

"Ndimi, mzee."

"Binti yangu ameposwa na Muchangi, kijana wa duka. Kijana hanywi, hapigi kelele. Sasa binti anasema hawezi kuolewa kwa sababu kitu chako kimemwonyesha kikombe kitupu. Shangazi yake ametangaza mpaka kwa kina Muchangi. Mimi ni mtu wa kanisa. Nitawaambia wakwe nini, kwamba nimeamriwa na mdoli?"

"Mzee, hii haijui kitu. Ni mashine tu."

"Basi utakuja kwangu Jumamosi useme hivyo mbele ya watu wote. Na uje nayo."

Igoki alikubali, angekataaje? Lakini toka siku ile hakukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kuchemsha maji. Alimwona yule msichana machoni, maisha yake yameharibiwa na alama ya gundi. Ijumaa akashindwa kuvumilia, akatangulia Kiambere, akamkuta Mukami nyumbani uani akipepeta ndengu.

"Mwanangu," alianza kabla ya kusalimu vizuri, "nakuomba unisamehe. Ule utupu si alama. Vitu vinafuatana kwa gurudumu. Kimoja kilianguka zamani, basi."

Mukami hakuacha kupepeta. "Yai, ndege, dadu, ua, halafu hakuna. Nilijua, anti. Niliangalia asubuhi nzima. Nilingojea ifike."

Igoki alijikuta ameketi chini, juu ya gunia, jambo lisilo la kawaida yake.

"Ulingojea?"

"Nimwambie baba nini? Akiniuliza Muchangi amefanya nini, nimwambie nini? Hajafanya kitu. Ni mtu mzuri. Kila mtu anasema ni mtu mzuri, na mimi pia nasema." Aliweka ungo chini. "Lakini nikifikiria ile nyumba, ati hapo ndipo nitaamka kila siku, nasikia kama nimefungiwa. Hiyo ni sababu? Hakuna mtu atakubali hiyo ni sababu. Hiyo mashine yako angalau wanaiogopa."

Igoki alitaka kumwambia habari za mwalimu wa Nkubu, akaona hapana. Akasema tu, "Kesho nitafungua mgongo wa sanduku. Nimemwahidi baba yako, na siwezi kumdanganya mzee wa kanisa nyumbani kwake."

"Ungeninyamazia," Mukami alisema, na sauti yake ikawa ngumu. "Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza, halafu? Wataleta mwingine. Utatafuta mashine nyingine wapi?"

Mukami akachukua ungo, akampa mgongo.

Jumamosi watu wa pande mbili walikaa chini ya kivuli cha turubai. Muchangi alikuwepo, kijana mnene kidogo, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Igoki alilegeza skrubu, akavua ubao wa nyuma, akatumbukiza senti kumi mbele yao wote. Wakaona gurudumu likizunguka, wakaona mkono unavyopanda na yai chini ya kikombe. Akarudia mpaka wakafikia ule mkono wa gundi. Mjomba wake Muchangi akacheka kwa sauti. Shangazi akatazama miguu yake.

Njuki akagonga fimbo chini. "Mmeona. Hapakuwa na neno lolote. Basi ndoa ipo palepale."

Igoki alishika bisibisi, na kila kiungo kilimwambia funga sanduku uende zako. Kuondoka ndicho kitu pekee alichokijua vizuri duniani. Badala yake akasema, "Baba Mukami, mashine imeulizwa. Mwenyewe hajaulizwa."

"Na wewe umeulizwa na nani?" Njuki alifoka.

Muchangi ndiye aliyesimama. Hakumtazama mzee. "Mukami, niambie mwenyewe. Unataka?"

Mukami alikuwa amejibana karibu na mlango wa jikoni. Akasogea mbele hatua moja. "Sitaki. Hujanikosea, Muchangi. Lakini sitaki."

Kijana akapangusa goti ambalo halikuwa na vumbi. "Sawa," akasema. Akatoka, na watu wake wakainuka mmoja mmoja kumfuata, mjomba wa mwisho, akiwa bado na kikombe cha uji mkononi.

Njuki hakumpiga mtu wala hakutukana. Alimwambia Igoki achukue kitu chake na asikanyage tena pale. Mbuzi walirudishwa wiki hiyo hiyo, na kwa msimu mzima mzee hakusema na binti yake ila kwa kupitia mtu wa tatu. Watu wa Kiambere walisema Mukami amelaaniwa, kisha mvua zikaja, watu wakapanda, maneno yakapoa.

Kamundu naye alipoteza waumini. Habari za gurudumu zilifika Ishiara na Runyenjes kabla ya Igoki mwenyewe, na hakuna aliyenong'ona tena mbele ya kioo. Walibaki watoto, wanaocheka, na wanaume wachache waliotaka kuona mgongo tu. Igoki akalala usingizi mzuri kuliko miezi yote iliyopita, lakini kopo lilikuwa jepesi. Baadaye akamwachia Kiogora sanduku, aliweke mlangoni mwa kibanda livutie wateja wa cherehani.

Wakati wa mavuno ya ndengu simu yake ililia. Alikuwa Mukami, na hakusalimu.

"Anti, wewe unajua pikapu zote za huku. Ndengu ziko nyingi, hapa bei ni mbaya. Huko kwenu zinaendaje?"

Tangu hapo Igoki hushusha ndizi Kiambere na kupandisha ndengu Kanyakine. Gunia hukutana naye njia panda, maana Njuki bado hajamruhusu afike bomani. Mukami huja mwenyewe, wakati mwingine hupanda naye mpaka Embu, akatazama mji kidogo, akarudi. Hawazungumzi mengi.

Juzi Regina alimkuta akipima ndengu sokoni Kanyakine, akamwekea chai pembeni.

"Na hii nayo utaiacha lini?"

"Sijui," Igoki alisema. Akapiga mafunda mawili ya chai akiwa amesimama, akageuka kumtafuta mwenye pikapu, maana ndizi zilikuwa bado chini, hazijapakiwa.